Usitume Kwanza

Ngoja, Shemhilu, usitume kwanza.
Najua foleni imefika kwa fundi viatu,
najua dirisha la udahili linafungwa saa sita usiku
na umeme wa barabara ya kumi na nne hauna adabu.
Lakini hapo, chaguo la kwanza,
umeandika Sheria kabla sijafungua mdomo.

Sikulaumu. Mtaa mzima umeshaniandika.
Tangu nilipombwaga mwalimu wa zamu kwa hoja,
kidato cha pili, habari yenyewe ya soksi,
Ngamiani yote inaniita Wakili.
Muuza mkate wa ajemi ananiongezea mmoja,
anasema, utakuja kunitetea.
Anitetee nani mimi, sikuulizwa.
Mama ameshaulizia bei ya joho.

Sasa nisikilize wewe, unayenitoza elfu mbili
na wala si ndugu yangu.

Bibi yangu Mwanakombo alikuwa na shamba Pongwe,
ekari moja na robo, mpaka wake minyaa.
Minyaa, Shemhilu, haijui kusimama:
ukiikata inachipua, ukiiacha inatembea.
Ya jirani ikatembea miaka kumi na moja
hadi ikapiga hodi jikoni.
Kesi ikaenda, ikarudi, ikaahirishwa,
hakimu yuko likizo, faili halionekani, njoo Jumanne,
mpaka ikapanda rufaa, huko juu.
Siku ya hukumu wakampa karatasi tisa.
Kiingereza kitupu.

Akazikunja, akazifunga pembe ya kanga,
akarudi na basi la jioni.
Bibi, umeshinda?
Akasema: Sijui. Wakili amenipa mkono.

Nilikuwa darasa la sita. Nikaitwa mimi, msomi wa nyumba,
mimi na kamusi ya shule
iliyoliwa na mchwa kutoka A mpaka E.
Nikaangalia ukurasa wa juu. Jina la bibi limetangulia,
la jirani liko chini yake.
Nikadhani ni kama matokeo ya mtihani:
wa kwanza ndiye aliyeshinda.
Nikatangaza. Umeshinda, bibi.

Alichinja jogoo.
Akaalika mpaka wale aliowanunia.
Alikula raha siku nne, Shemhilu, nne tu,
siku ya tano wakaja na kamba ya kupimia.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.
Alisema tu, Si kosa lako, mwanangu, ni maneno yao yale.

Mjomba Nasibu anasema, basi ndiyo sababu,
kasome Sheria ukawalipize.
Mwalimu Kiluwa anasema, kasome Lugha,
Sheria haina miguu, utaikuta palepale.
Dada yangu, mwaka wa tatu wa hiyohiyo Sheria,
alinipigia juzi akilia:
vitabu havimtishi, anasema, ila ameanza
kuongea na mama kama anayemhoji shahidi.

Mimi sijui. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya.
Usiku naipenda Sheria, naiona inanikaa mwilini,
asubuhi naiona ile kamba.
Ninachojua, siku ile pale ukumbini
wakili alikuwepo, hakimu alikuwepo, karani yupo,
aliyekosekana ni mtu wa kumwambia mwanamke mzima
shamba lako limekwenda,
kwa maneno anayonunulia chumvi.

Kwa hiyo futa.
Andika Isimu na Tafsiri, hapo juu kabisa.
Sheria ishushe ya pili. Usiitoe!
Iache inione, nami niione.
Miaka mitatu si mingi; bibi alingoja kumi na moja.
Mama akikuuliza, mwambie mtandao ulisumbua.
Hapana, usimwambie. Nitamwambia mwenyewe,
nikishapata pa kulala.

Umemaliza? Usibonyeze.
Geuza hicho kioo huku, unisomee ulichoandika,
polepole, neno kwa neno,
na kwa Kiswahili.